Mafuta ya Chupa za Mbele

Ilimchukua Loveness miaka tisa kuitwa daktari. Kabla ya hapo, kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa, vya juu huko Marangu, alikuwa "yule dada wa ng'ombe," na wazee wakimwona anaingia bandani na begi lake waliuliza mwanamume aliyekuja naye yuko wapi. Alivumilia. Alipanda milima ile kwa pikipiki yake, mvua na jua, akachanja, akazalisha, akatoa kondo za nyuma zilizogoma, mpaka siku moja Mzee Eliezeri, mtu asiyejua kusifu, akamwambia mkewe mbele za watu: "Kornelia, usihangaike na mwingine. Mwite daktari."

Eliezeri huyo ndiye aliyepiga simu asubuhi ile, saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado umelala juu ya migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Daktari, ng'ombe anasukuma tangu alfajiri. Naona pua na mguu mmoja tu."

Loveness alielewa hapo hapo. Mguu wa pili ulikuwa umekunjwa ndani. Kazi yake ni kumrudisha ndama nyuma kidogo, kuutafuta mguu kwa mkono, kuunyoosha, ndipo atoke. Si kazi ya nguvu, ni ya subira.

"Msivute, baba. Mkivuta mtamchana. Mwacheni asimame, mimi nakuja. Dakika kumi na tano."

Akafunga begi kwenye keria, akabonyeza stata. Injini ikazunguka vizuri, ikazunguka tena, haikuwaka. Akavuta choki, akajaribu. Ikazunguka kama mtu anayekohoa bila kutoa kitu. Akapiga kiki mara kumi. Wapi.

Hakushtuka. Pikipiki hakuwa akiiogopa. Zamani fundi mmoja alimbadilishia vifaa vitatu vizima kwa shida ya waya mmoja uliochomoka, na tangu hapo aliapa kwamba hakuna atakayemdanganya tena juu ya kitu anachokipanda kila siku. Akajifunza kufungua na kufunga mwenyewe. Bodaboda wa kijiweni walizoea kumsikia akiwaambia: "Ikizunguka isiwake, iache betri ipumzike. Betri ni nzima. Tafuta moto, hewa na mafuta."

Alimpigia mmoja wao. Simu ikapokelewa katikati ya kelele. Ilikuwa siku ya soko, vijana wote walikuwa wameteremka na mikungu ya ndizi. "Nipe nusu saa, dokta." Nusu saa! Kwa miguu, kwa njia ya mkato ya mtoni, angefika kwa Eliezeri kwa dakika arobaini. Alisimama uani akilipima hilo. Halafu akasema moyoni, hii nitaipata kabla hata sijafika mtoni. Akatoa spana.

Neno hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Swichi ya kuzimia ilikuwa mahali pake. Koki ya mafuta wazi. Akafungua plagi, ilitoka imelowa, nyeusi. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha kwenye kofia yake, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Cheche ya buluu ikaruka, tah! Moto upo. Akafungua kichujio cha hewa. Alikisafisha Jumamosi, kilikuwa kikavu. Hewa ipo. Akarudisha kila kitu, akajaribu, ikazunguka tu.

Simu ikaita. Kornelia safari hii. "Daktari, umefika wapi?"

"Nakuja, mama. Msimguse."

"Majirani wamekuja na kamba."

"Waambie wasivute! Mama, waambie nimesema mimi."

Akachuchumaa chini ya kabureta, akalegeza skrubu ya kutolea, akakinga kiganja. Mafuta yakamiminika. Petroli ikigusa ngozi hupoza, halafu hukauka huku unaitazama. Hii ilikaa. Ikakaa kiganjani vuguvugu, inateleza, na aliponusa, harufu ilikuwa ya jiko la utambi la shangazi yake, lile lililokuwa likitia moshi kwenye uji. Mafuta ya taa. Akakumbuka jana jioni, akitoka kwa mteja wa mwisho, injini ilivyokuwa ikigongagonga akipanda kilima, na yeye akakilaumu kilima. Injini ilikuwa ya moto, ikayala mafuta yale kwa shida. Asubuhi, kwenye baridi, ikayakataa.

Na jana jioni alikuwa amejaza wapi? Kwenye meza ya Jesse, mdogo wake, anayeuza petroli ya chupa kando ya barabara. Jesse hakuwepo mezani. Loveness alijichukulia chupa mbili, akaacha noti chini ya jiwe, akaondoka.

Akachomoa mpira wa mafuta, akafungulia tangi lote likamwagikia kwenye mifereji ya uani. Akakimbilia barabarani, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, imesheheni ndizi za sokoni, akamsihi mwenyewe mpaka akakubali kumtolea chupa moja kutoka tangi lake. Akasuuza kabureta, akakausha plagi, akapiga kiki. Ya pili ikawaka. Alikuwa ameipata, kweli. Saa nzima ilikuwa imepita, na dakika tano.

Pale kwa Eliezeri hakuna aliyempokea begi. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye mguu wa ndama, na ndama alikuwa amelala kwenye majani makavu ya migomba, ulimi nje, mzima mwili wote ila uhai. Ng'ombe mwenyewe alikuwa chini. Loveness alivua koti, akapiga magoti, akaingiza mkono. Kizazi kilikuwa kimechanika, damu ikitoka nyingi kuliko anavyoweza kuizuia mtu yeyote. Akautoa mkono polepole.

"Mchinjeni, baba," alisema. "Asiteseke."

Eliezeri alikuwa ameegemea nguzo ya banda. "Ulisema dakika kumi na tano."

"Pikipiki iligoma."

"Pikipiki," alisema mzee.

Kornelia aliondoka kwenda kutafuta beseni. Ng'ombe yule alikuwa wake. Kila siku alimbebea majani kichwani kutoka tambarare, na maziwa yake ndiyo yaliyomfanya aitwe mama mwenye nyumba.

Loveness alikwenda moja kwa moja kwa Jesse, damu imemkaukia mpaka kwenye kiwiko. Alimkuta akipanga chupa.

"Umechanganya mafuta ya taa."

Jesse alitazama mkono wake, kisha barabara. "Umechukua zipi?"

"Hizi hapa."

"Aa, dada!" alisema, kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Si ungeita? Hizi za mbele ni za wateja. Zetu naziweka ndani."

Loveness aliposimulia baadaye, alisema hilo lilimuuma kuliko kukanushwa. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni Jesse huyu mama yao alipokuwa akishinda kwenye kahawa za watu.

Siku ya tatu alikwenda kwa Eliezeri akamweleza yote. Mzee akapeleka neno kwa mwenyekiti wa kitongoji, na wote wakaitwa. Lakini kwa siku hizo tatu meza ya Jesse ilikuwa imebadilika. Mwenyekiti alifungua chupa moja moja, akanusa, akamimina kidogo kwenye jiwe. Ilikauka papo hapo, petroli safi.

"Yale uliyoyatoa wewe yako wapi?" akamuuliza Loveness.

"Niliyamwaga. Nilikuwa nawahi."

Jesse alikohoa. "Mwenyekiti, dada yangu namheshimu. Ila siku ile alilala. Aseme tu alilala."

Loveness alimgeukia mama yao, ambaye uani kwake ndiko Jesse alikokaa na kuhifadhi kila kitu, za mbele na za ndani. Mama alikuwa ameketi benchi la upande wa Jesse, mikono mapajani.

"Mama, wewe unajua."

"Mimi najua nina watoto wawili," mama alijibu. "Na ng'ombe wa watu hakunyonyeshwa na mimi."

Kikao kikaisha hapo. Eliezeri alitoka bila kumuaga mtu.

Sasa vihamba vya juu wanamwita kijana mmoja kutoka Mwika, ambaye hushika ng'ombe kwa woga, lakini anafika. Loveness anapata kazi upande wa Rombo, huko Mkuu, safari ndefu kwa wateja wasiomjua, ambao wakimwona anaingia bandani humuuliza kwanza kama yuko peke yake. Petroli ananunua kituoni, anaibeba kwenye dumu. Jesse ameongeza meza ya pili. Mwezi uliopita Loveness alikutana na Kornelia njiani, ana mzigo wa kuni, akamwamkia na kunyoosha mikono amsaidie kuutua apumzike kidogo.

"Marahaba, mwanangu," alisema Kornelia, akausogeza mzigo kichwani ukae vizuri. "Acha tu. Nimekwisha karibia nyumbani."

Nyumbani palikuwa bado vilima viwili.