Fundi Saa Aliyerudia Torati

Juzi mjukuu wangu alilia kwa sababu ameambiwa arudie darasa. Nikamkumbuka babu mmoja fundi saa, Myahudi, aliyekuwa jirani yetu hapa Mwanza nilipokuwa msichana mdogo. Alasiri moja, harufu ya dagaa ikiingia dirishani, alimaliza kusoma Torati, akaibusu, kisha papo hapo akaianza tena.

"Babu, umefeli?" nikamuuliza. Mimi nilikuwa nimerudishwa darasa, nikafurahi kupata mwenzangu.

Alicheka mpaka miwani ikadondoka. "We binti! Sisi kila mwaka tunaianza upya. Mwaka jana niliisoma kama mjinga. Mwaka huu ujinga umepungua kidogo."

Shule niliacha, na maduka nimejenga. Lakini mjukuu sikumwambia aache; nilimsimulia habari za fundi saa, nikamwambia, "Futa machozi. Babu yule alikuwa na mvi kichwa kizima, na bado alikuwa anarudia."