Betri Aliyoichagua Mkwe

Mtaa wa betri unanuka mayai viza, na anayekuambia ameshazoea, ama ni mwongo au pua yake imekufa. Nimekwenda huko mara mbili maishani, na zote mbili nilirudi nikavua viatu nje ya mlango. Chini ni tope jeusi lenye utando wa mafuta. Likikurukia kwenye sketi, fua utakavyofua, siku ya pili unakuta matundu. Na watu wanakula papo hapo, kwa vidole vile vile vilivyotoka kushika asidi, wanalamba na kuendelea na kazi. Lakini uchafu wa mtaa ule, ukiuweka kando ya uchafu wa mtu mmoja ninayemjua, ni maji ya kunawa uso.

Nilikwenda kwa ajili ya kaka yangu. Bwawani wanamwita Polepole, na si kwa ubaya. Bwawa letu ndilo linalonywesha mji, kwa hiyo injini za petroli ni marufuku na wavuvi wote hupiga makasia. Kaka hawezi. Aliteleza kwenye ngazi za gati, bega la kulia likang'oka, likarudishwa vibaya, na tangu hapo mkono huo haupandi juu ya sikio. Mtu mwingine angeuza boti akakae kibarazani kuhesabu wapita njia. Yeye akapata kimota cha umeme, kidogo kama feni ya mezani, cha kufunga nyuma ya boti na kuunganisha kwenye betri. Kikiwashwa husikii kitu. Hupita nacho kando ya matete, mishipi miwili ikiburutwa nyuma na vibati vinavyong'aa vya kuwahadaa samaki, na samaki wakubwa wanaokimbia kishindo cha makasia humngoja yeye. Alikuwa anarudi na samaki ambao vijana wenye mabega mawili mazima huwaona kwenye kapu la kaka tu. Mimi nawapaa magamba pale gatini na kuwauza.

Tunaishi nyumba moja tangu wifi yangu afariki: yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, betri sebuleni. Sifanyi mzaha. Ilikaa juu ya kipande cha ubao karibu na mlango, ikichajiwa, inatokota na kutoa harufu, nami nakula chakula changu hatua chache kutoka hapo. Niliichukia betri ile kama mtu anavyomchukia mpangaji mchafu anayelipa kodi kwa wakati. Ilitulisha, nikanyamaza.

Kisha ikafa. Ilianza kuchoka kabla ya adhuhuri, halafu kabla ya jua kupanda vizuri, mwisho ikawa inamfikisha kona ya kwanza ya matete tu na kumwacha hapo. Kaka alikaa sakafuni karibu nayo kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

"Bila hii, mdogo wangu, mimi ni mlinzi wa boti iliyofungwa kamba," alisema.

Alijua anachotaka. Mpya ya sola, ile kubwa, tuliiona dukani nyuma ya kioo tukaiacha nyuma ya kioo. Alitaka ya sola iliyotumika, ambayo bado ina uhai. Mimi nilimwuliza kwa nini asinunue ya gari, maana zimejaa na ni rahisi. Akanieleza kwa subira yake ile inayoniudhi: betri ya gari hutoa nguvu zote kwa mkupuo mmoja, gari likishawaka kazi yake imekwisha. Ukiitaka itembee nawe taratibu mchana kutwa, inakufia. Ya sola ina mabamba mazito ya risasi ndani, inatoa kidogo kidogo mpaka jioni.

"Yaani inafanana na wewe," nikamwambia.

"Ndiyo maana tulielewana."

Hapo ndipo mkwe alipoingia. Kaka ana binti mmoja tu, hana mtoto mwingine, na mume wa binti huyo ni fundi wa umeme wa magari. Fundi gani ana kucha safi vile, mimi sijui. Kila Jumapili alikuja mikono mitupu na kuondoka na samaki, tena huchagua mwenyewe, anawafunua mashavu kuona kama ni wabichi, kana kwamba kwetu kuna samaki wa jana. Aliposikia habari ya betri aliinuka kitini.

"Baba, mtaa ule ni wezi watupu. Usiende bila mjuzi. Nitakupeleka mimi mwenyewe."

Na kweli, mtaa ule hauendwi bila mjuzi. Ndiyo desturi yake. Unakwenda na mtu wa kazi hiyo, na kazi yake kubwa ni kunyanyua. Risasi ni nzito, kwa hiyo betri ya haki ni nzito. Wakishaitoa risasi wakaacha kopo, mkono wa mjuzi utajua. Zamani kaka alijinyanyulia mwenyewe. Safari hii alihitaji mkono wa mwingine, na mkono uliojitolea ulikuwa wa mkwe wake.

Muuzaji ambaye mkwe alitupeleka kwake anaitwa Daktari, kwa sababu anafufua betri zilizokufa. Alikuwa anachokonoa meno kwa kipande cha waya. Dakika hiyo hiyo aliutoa waya mdomoni, akaugusisha kwenye vichwa vya betri ili kutuonyesha cheche, kisha akaurudisha mdomoni. Niligeuza uso. Kaka yeye alikuwa ameshaona kitu pembeni: betri ya sola, kuukuu, ya kijivu, vichwa vimeota ukoga mweupe.

"Hii je?"

Mkwe alikwenda akasimama mbele yake, akainama, akaigusa kwa vidole viwili. "Nyepesi, baba. Imeliwa tumbo lote." Nilipotaka kusogea akanizuia kwa mkono. "Shangazi, acha, utachafua nguo."

Kisha akamfuata Daktari nyuma ya pazia la gunia, wakatoka na betri nyeupe inayong'aa kama sahani ya wageni, ina karatasi yenye picha ya samaki anayeruka, imebandikwa ubavuni. Mkwe aliibeba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ilitembezwa mbele yetu mara tatu.

"Hii ni ya boti hasa," alisema Daktari. "Ona cheche!"

"Cheche hazinihusu," kaka akasema. "Mimi nataka itembee."

"Baba," mkwe akasema, akaweka mkono kwenye bega lile lile bovu. "Niamini. Mimi si mwanao?"

Mambo yakaishia hapo. Mzazi atajibu nini? Kumkatalia mkwe mbele ya muuzaji ni kuitemea mate nyumba ya binti yako. Kaka akalipa. Bei ilikuwa rahisi, na rahisi ghali, lakini nani anakumbuka methali akiwa na shida? Tukatangulia. Mkwe alibaki nyuma kuchukua waranti, na waranti ile ilikuwa ndefu, maana walitugeuzia migongo wakahesabu kitu.

Kesho yake kaka alitoka na jua. Nilikuwa gatini na kisu changu. Betri ilimvusha hadi ng'ambo, kwenye matete ya upande wa pili, ikafa kama taa iliyopulizwa. Upepo nao ukaamka kutoka ukutani mwa bwawa. Nilimwona kwa mbali akipiga kasia moja, boti inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, anahamia upande wa pili, anapiga tena. Alipofika jioni bega lilikuwa limevimba hadi shingoni, na usiku ule nilimnywesha chai kwa mkono wangu kama mtoto mchanga. Daktari, wa watu huyu, si wa betri, alisema likichanika tena namna hiyo, mkono wa kulia asiutegemee kwa lolote.

Tuliipasua ile betri uani kwa msumeno wa chuma. Nilitegemea asidi, nikavaa mifuko mikononi. Haikutoka hata tone. Ndani kulikuwa na saruji. Saruji na kokoto, imemiminwa vizuri, imesawazishwa, na katikati yake imezikwa betri ndogo ya pikipiki, nyaya zake mbili zimepandishwa juu hadi kwenye vichwa vikubwa. Nilitema mate chini. Si kwa hasira, ni kwa kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye tonge. Mtu alikaa kitako akachanganya mchanga na saruji kwa ustadi ule, akingoja mzee mwenye bega bovu aje.

Nikarudi mtaani peke yangu, kipande cha saruji kwenye mfuko. Daktari alikitazama, wala hakushtuka.

"Mama, mbona unanifokea mimi? Mkwe wenu alipita jana yake. Akaniambia, namleta mzee, muuzie ile ya samaki. Cha juu chake alichukua mlipotoka tu. Muulizeni yeye." Kisha akachokonoa jino. "Na lile ganda mmeliweka wapi? Mkiniletea nitalinunua."

Kwa cha juu! Nisingeshangaa kama angeutaka ukoo mzima, kama angetamani nyumba. Lakini ni cha juu tu, pesa ya kunywea soda na kununulia viatu, ndiyo iliyomnunua baba mkwe wake.

Nilimweleza kaka kila neno. Alijiweka sawa kitini, mkono umefungwa kwa kitambaa kifuani.

"Usimwambie binti yangu," alisema.

"Kaka! Mtu amekuuza!"

"Nimesikia. Na binti anaishi naye, si mimi. Usimwambie."

Jumapili mkwe akaja. Viatu vipya, vyeusi, vya kung'aa. Niliviona kabla sijamwona mwenyewe. Akaamkia, akauliza hali ya bega, akasikitika kwa sauti. Ningemmwagia maji ya samaki. Kaka akamkaribisha kwa heshima zote.

"Nimekungoja, mwanangu. Leo twende wote majini. Betri uliyonichagulia nimeshaichaji, iko gatini ndani ya gunia. Nibebee mpaka botini, bega langu linakataa."

Angekataa vipi? Aliibeba mbele ya gati zima, jasho likimtoka, viatu vikizama kwenye magamba. Kaka akaunganisha nyaya kwa mkono wa kushoto kupitia mdomo wa gunia, wakaondoka kimya kimya. Pale kwenye kona ya matete kimota kikanyamaza. Kutoka gatini nilimwona kaka akimwonyesha mkwe makasia kwa kidevu. Mengine alinisimulia mwenyewe.

Kaka aliliondoa lile gunia. Betri ikabaki wazi kati ya miguu ya mkwe, tumbo limekatwa, saruji inaonekana. Kaka akatupa mishipi miwili nyuma, akakaa.

"Polepole, mwanangu," alimwambia. "Samaki hawapendi kishindo."

Wakazunguka bwawa lote. Mkwe akipiga haraka, kaka anamwambia polepole. Akisimama, kaka anamwuliza kama amechoka, kwa upole. Mkwe hakuthubutu kumtazama usoni, na akishusha macho anakutana na saruji. Mchana kutwa alikuwa yeye ndiye kimota. Waliporudi alikuwa na malengelenge yaliyopasuka kwenye viganja vyote viwili, na viatu vilikuwa vimelala ndani ya maji yaliyotuama botini pamoja na utelezi wa samaki. Wavuvi walimpigia makofi, wakidhani ni mkwe mwema aliyekuja kumsaidia mzee. Mimi nikaenda nyuma ya kibanda nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na bado kinyaa hakikunitoka.

Kabla ya Jumapili nyingine alileta betri, akaibeba mwenyewe hadi mlangoni. Ilikuwa ile ile ya kijivu, yenye ukoga mweupe vichwani, aliyosema imeliwa tumbo lote. Niliinyanyua mimi safari hii. Ilikuwa nzito hadi kiuno kikalia. Mkwe alisimama akiangalia kapu la samaki, kama alivyozoea.

"Ahsante, mkwe," kaka akamwambia. "Msalimie binti yangu."

Mkwe akangoja kidogo. Kisha akaondoka mikono mitupu.

Betri ile ipo sebuleni hadi leo, inatokota na kunuka, na inamtembeza kaka hadi jioni. Bega halikupona. Nyaya namfungia mimi alfajiri, kabla sijanoa kisu. Siku ya kwanza tulipoifunga nilimwuliza kama amemsamehe yule mtu.

"Betri nimepata," alisema. "Aliniambia yeye ni mwanangu, unakumbuka? Mimi nilikuwa nimeshaamini bila kuambiwa, tangu siku ya harusi."

Akawasha kimota. Nilisimama gatini nikamtazama hadi alipoingia kwenye matete, na sikusikia kitu.