Nilivyomzuia Mume Wangu Kuandika Wosia

Jina langu liacheni. Sitafuti wa kumlaumu. Damu iliyomwagika pale dukani ni mimi niliyeiita.

Tulikuwa wake wawili. Mimi nilikaa Kisumu, karibu na Dunga. Mke mwenzangu, nimwite Akinyi, alikaa Sondu akiendesha duka la vifaa vya ujenzi. Lakini leseni, akaunti ya benki na kiwanja, vyote vilikuwa kwa jina la mume wetu peke yake.

Moyo ulipoanza kumsumbua, alikuja na wazo. Wakili alikuwa amemshauri asajili kampuni, kila nyumba ipewe hisa zake, kisha aandike wosia. Alisema kwa njia hiyo, hata akifa leo, duka litafunguliwa kesho.

Nilikataa katakata. Nilijua jasho la lile duka ni la Akinyi, na haki ikiandikwa atapata. Nilitaka mwanangu Otieno, kifungua mimba wa boma, achukue vyote. Nikamtisha mzee wa watu kwamba anayegawa mali akiwa hai anajichimbia kaburi. Nililia, nikanuna, mpaka akaacha kwenda kwa wakili.

Alianguka akipakua saruji, akafa njiani kwenda hospitali. Benki ikafunga akaunti. Hata jeneza tulichangiwa! Tukaambiwa tungoje korti, na nyumba zote mbili zikubaliane. Mimi nikubaliane na Akinyi? Afadhali ningekula mchanga.

Baada ya matanga nilimwita Otieno jikoni.

"Wewe ni mwanaume ama?" nikamwambia. "Enda ufunge hiyo duka. Huyo mama atoke na watoto wake."

Akaenda na binamu zake, mapanga mikononi. Walimkuta Omondi, mtoto wa kwanza wa Akinyi, akipimia mteja misumari. Akakataa kutoa funguo. Otieno akamkata mkono, mfupa ukakatika. Alipoanguka wakamkanyaga. Akinyi akatokea na nondo, akawachapa nayo, wakampasua kichwa.

Watu wa soko waliingilia kwa mawe. Mtoto wa dada yangu, mmoja wa wale binamu, aliuawa palepale mlangoni. Katika vurugu hizo moto ukashika rangi na mafuta ya taa, duka likalipuka lote.

Nilipofika, Akinyi alikuwa ameketi kwenye kokoto, damu imemgandia usoni. Nilitarajia matusi. Alisema polepole, "Mama Otieno, mimi ndio nilimwambia Mzee akupe hisa mingi kunishinda. Nilitaka tu tukae na amani."



Leo Omondi hana mkono wa kulia. Otieno yuko jela, na nikienda kumwona hanitazami. Dada yangu aliniambia nisikanyage kwake tena. Kile kiwanja bado kiko kortini, nyasi zimeota.

Mama unayesoma hapa, mzee wako akisema twende kwa wakili, vaa viatu mwende. Na wewe mwenye biashara, usiweke kila kitu kwa jina lako tu ukijipa moyo kwamba watoto wanapendana.

Wangu walipendana. Otieno na Omondi walikuwa wakilala kitanda kimoja kila likizo. Nami ndiye niliyemtuma mmoja akamkate mwenzake.