Dirisha Lililotazama Kiwanja cha Jirani

Nakumbuka asubuhi moja, saa moja na robo, jua lilikuwa limeshaenea mtaa wetu wote wa Kikuyu isipokuwa chumbani kwa mama yangu. Usiku wake tulikuwa tumerudi kutoka kijijini kwetu Haneti, tulikokaa msimu mzima wa mavuno.

"Yohana," aliniita, "mbona leo hakukuchi?"

Nilifungua pazia, nikaduwaa. Palipokuwa na anga palikuwa na tofali. Hatua mbili tu kutoka dirishani ukuta mpya ulipanda, ukapita paa letu, na mafundi walikuwa bado juu wakiendelea.

Mwanangu Yona, nyumba ile niliichora mwenyewe. Chuo sikusoma, ila masharti ya ujenzi niliyakariri: mtaa wetu ni nyumba za chini tu, na kila mtu aache nafasi kwenye mpaka. Kwa kutegemea nafasi ya jirani, chumba cha mama nilikipa dirisha moja upande wake, na cherehani yake nikaiweka hapo hapo.

Nilimkimbilia jirani, Mama Neema, bila hata salamu.

"Baba Yona, shikamoo nakudai, au ghorofa limekupa kiwewe?" alicheka, kisha akatoa kibali. "Mtaa umebadilishwa matumizi. Sasa ni maduka na ghorofa, na kuta zinafika mpakani. Na wewe panda juu, tusalimiane madirishani!"

Hapo nikakumbuka: mchoro wa mabadiliko hayo ulibandikwa ofisi ya mtaa kabla ya mavuno, tukaitwa tutoe maoni. Sikwenda. Nilijiona nayajua masharti kuliko mjumbe. Kweli niliyajua, sikuuliza tu kama bado yako hai.

Jioni mama alishindwa kutunga uzi. Akafunika cherehani kwa kanga, akasema taratibu, "Nirudishe Haneti, mwanangu. Hapa nitakuwa kipofu kabla ya macho yangu kufa."

Kaka yake, mjomba wangu, alikuja kumchukua. Alisimama chumbani akiutazama ule ukuta, nami nikimlaani jirani.

"Mpwa wangu, mwache mwenzio. Nguo ya kuazima haisitiri. Tembe la babu yako, nyumba ile ya udongo, lilitazama wapi?"

"Ndani, uani."

"Nje je?"

"Ukuta mtupu, bila dirisha."

"Basi. Hakuna jirani aliyewahi kumzimia jua lake."

Aibu ilinichoma, maana tembe lile ndimo nilimokulia. Kesho yake mjomba hakuondoka na mtu. Tulibomoa stoo iliyokuwa katikati ya nyumba, tukaacha uwazi wa kuona mbingu, na dirisha la mama tukaligeuzia huko. Siku ya kwanza alitunga uzi kwa jaribio moja tu, akaniambia nimpishe, namzibia mwanga.

Kwa hiyo, mwanangu unayenunua kiwanja leo: mji wetu unakua, na kanuni zake hubadilika kama njia ya korongo baada ya mvua. Mchoro ukibandikwa, nenda kausome, useme lako. Nyumba yako ichore kana kwamba majirani wote wameshajenga hadi mpakani, na mwanga wako utoke juu ya ardhi yako. Mungu akujalie nyumba ambayo asubuhi huingia bila kuomba ruhusa kwa mtu, na mama yako aione. Mimi, kwa kubomoa na kujenga upya, asubuhi za mama yangu nilizikomboa kwa shilingi milioni mbili na laki nne.