Mara Saba, Moja kwa Udongo

Juzi jirani yangu hapa Kibiti alikuwa akimpikia mbwa wake ugali wa pumba na vichwa vya kambale. Harufu ile iliruka ukuta ikanikuta naanua nguo, nikasimama na kanga mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Wengi wakiipata harufu hiyo huziba pua. Mimi nilisikia njaa, kisha nikasikia hofu, na vyote viwili vilitoka mbali, shambani kwa bibi yangu, bondeni, upande wa Mloka, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi. Habari za shamba lile nimewasimulia watu wengi, lakini kuna kipande ambacho siku zote nakiruka. Leo nitawaambieni chote.

Bibi Mwanaidi, mama yake mama, alilima mpunga. Mpunga ukianza kuinamisha vichwa, watu wa kule huhama nyumba zao za kijijini wakaishi shambani kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili wawafukuze ndege, ngedere na nguruwe. Likizo ya mwezi wa sita mama alitupeleka kwake, mimi na mdogo wangu Zuhura wa miaka sita, tukamsaidie kulinda. Kusaidia kwenyewe kulikuwa kugonga debe na kupiga makelele, kazi ambayo watoto huifanya hata bila kutumwa.

Mlinzi hasa alikuwa mbwa. Alikuwa na rangi ya udongo mkavu, sikio moja limechanwa na nguruwe, na jina lake lilikuwa Watachoka. Jina lile alipewa yeye, lakini lilikuwa la jirani. Kwetu mtu akiwa na neno lake moyoni na hataki kugombana, humpa mbwa neno hilo awe anamwita kwa sauti. Bibi na Mzee Mketo, ambaye shamba lake lilipakana na letu, walikuwa wakizozana juu ya tuta la mpakani tangu kabla sijazaliwa. Basi kila asubuhi Bibi alisimama juu ya dungu akaita, "Watachoka! Watachoka weee!" na mbwa yuko hapo chini ya miguu yake, anamtazama. Mzee Mketo hakuwa na mbwa. Alikuwa na jogoo, akamwita Hatuchoki, naye akawa anamwita kwa sauti ileile. Sisi watoto tulilala chali kwa kucheka.

Bibi hakumgusa Watachoka hata siku moja. Alimwekea ugali wa pumba na vichwa vya kambale kwenye kigae cha chungu, kando kabisa, akakisogeza kwa ufito. "Mbwa wa ulinzi ana ruhusa," alituambia, "lakini ruhusa yake inaishia shambani. Mkekani hana." Hata hivyo alizungumza naye kutwa nzima. Alimweleza maumivu ya mgongo, bei ya sukari, na ubaya wa Mzee Mketo. Alitusimulia kwa fahari jinsi Watachoka alivyopigana na bweha majuma machache kabla hatujafika, akamtoa shambani mbio, naye akarudi na jeraha la mguu ambalo lilikuwa limekwisha kupona. Tulimwona shujaa.

Nami nilimpenda kwa njia iliyoruhusiwa. Nilitafuta kijiti kikavu nikamkuna tumbo, yeye mkavu, kijiti kikavu, maana kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi. Mambo hayo niliyajua sana. Chuoni kwetu nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono ustadhi alipouliza hukumu ya mate ya mbwa: kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nilijiona mwanachuoni mdogo, na mtu mwenye elimu ndogo ya kitu kimoja ni hatari kuliko asiye nayo kabisa.

Jumatatu moja asubuhi Bibi alikwenda mtoni kuchota maji, akaniachia Zuhura. Watachoka hakuwa amekula tangu jana yake. Zuhura akamwonea huruma, akachukua kipande cha ukoko akamfuata mpaka chini ya mti alikolala, akamnyooshea. Nilikuwa nayaona yote hayo, na nilikuwa mvivu wa kusimama. Mbwa yule, ambaye hajawahi hata kutuonyesha meno, alimng'ata mkono, akauachia, akarudi kulala kana kwamba hakufanya kitu.

Palikuwa na matundu mawili chini ya kidole gumba na damu kidogo. Damu haikunitisha. Kilichonitisha ni mate. Nikamburuta Zuhura mpaka kwenye ndoo, nikachimbua udongo safi kwenye kichuguu, nikamwosha. Moja, kwa udongo. Mbili. Tatu. Zuhura alikuwa analia, lakini tulipofika ya tano alikuwa anahesabu pamoja nami, na ya saba tuliimaliza kwa sauti kubwa kama watu waliomaliza juzuu. Nikamfunga kitambaa. Nikamwambia, "Ukiulizwa, sema umechomwa na bua. Ukisema mbwa, Bibi atamwua Watachoka, na sisi tutarudishwa Kibiti leo leo."

Bibi alirudi, akauliza, akaambiwa bua. Akadondoshea maji ya chumvi juu ya kitambaa bila kukifungua, akasema pole. Mimi nilikuwa na amani kabisa. Najisi imetoka, mbwa amepona kifo, likizo inaendelea. Niliona nimelimaliza jambo zima peke yangu.

Jumanne Watachoka alikuwa akitafuna vijiti na magome ya mti. Jumatano sauti yake ilibadilika ikawa ya kukwaruza, mate yakawa yanamtoka, na kila akijaribu kunywa maji shingo inamkataa. Bibi alihangaika. "Amekwamwa na mfupa, masikini," alisema, akanituma nitafute ufito mwembamba aone kama atamtoa mfupa huo kwa mbali. Namshukuru Mungu mbwa aliondoka kabla sijaupata. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, hofu isiyokuwa na jina. Nilijua mbwa huyu si yule, na nilijua aliyemng'ata Zuhura ni huyu. Ningesema siku ile, angefungwa, au angetafutwa. Sikusema. Kila nilipofungua mdomo niliona uso wa Bibi ukiniuliza kwa nini sikusema Jumatatu, na kadiri siku zilivyoongezeka ndivyo swali hilo lilivyozidi kuwa zito.

Alhamisi, karibu na adhuhuri, tulisikia kelele shambani kwa Mzee Mketo. Hazikuchukua muda. Kisha tukamwona mzee mwenyewe anakuja, mpini wa jembe mkononi, analivuka lile tuta ambalo sijawahi kumwona akilivuka.

"Mwanaidi," alisema, "mbwa wako nimemwua. Alikuwa na kichaa. Unisamehe."

"Amekuumiza?" Bibi akauliza.

"Kanigusa kidogo." Mkono wa kulia ulikuwa unatoka damu chini ya kiwiko. Lakini hakuutazama. Alilitazama jua, akanigeukia mimi. "Njoo, mwanachuoni. Swala imeingia na nina najisi. Nimiminie, wewe ndiye uliyesoma."

Nikachukua kata. Nikachimbua udongo palepale kwenye kichuguu. Nikamimina na kuhesabu, na sauti yangu haikutetemeka, maana kazi hiyo niliijua. Alipomaliza ya saba akaniambia, "Mungu akukuze, mjukuu wangu," akatawadha, akaenda kutandika mkeka wake kivulini.

Alipokuwa anaswali, Bibi alimwita Zuhura. Alikifungua kile kitambaa polepole, akayatazama yale matundu mawili, akanitazama mimi. Alinong'ona ili asimkatize mzee swala yake.

"Bua?"

"Mbwa," nikasema.

"Lini?"

"Jumatatu."

Sijawahi kupigwa na Bibi, na siku ile pia hakunipiga. Alikifunga tena kitambaa. Mzee Mketo alitoa salamu kulia na kushoto, akauliza akiwa bado amekaa mkekani, "Na hapa hakumng'ata mtu?"

"Kamng'ata mtoto," Bibi akajibu. "Leo asubuhi."

Nilimsikia akisema leo. Alikuwa mtu asiyepitwa na swala, na alisema uongo mbele ya mkeka kwa ajili yangu.

Mzee akasimama. "Basi usikae. Mchukue mtoto sasa hivi umpeleke hospitali, mbwa wa namna hii anataka sindano."

"Na wewe twende."

"Twende sote, mpunga tumwachie nani? Mbwa hayupo. Tukilala huko siku mbili, nguruwe watakuwa wamekwisha kuvuna." Akacheka. "Mimi mzee, ngozi yangu ngumu, na huyu mwanachuoni kanitwaharisha saba kamili. Nenda, Mwanaidi. Nitalinda la kwangu na la kwako."

Tukaondoka kwa bodaboda, wanne pamoja na dereva, kisha kwa gari mpaka Kibiti. Muuguzi aliyempokea Zuhura aliambiwa ukweli, kwamba ni siku ya nne. Alikunja uso. Akauliza nani alikiosha kidonda, nikaonyeshwa mimi. "Udongo haufai kidondani," alisema, "lakini maji yale mengi yamemsaidia sana mdogo wako." Akanipapasa kichwa. Zuhura akachomwa sindano ya kwanza, tukapewa siku za kurudi kwa zilizobaki, na mama akanisifu kwa majirani.

Muuguzi huyohuyo alipoambiwa habari za Mzee Mketo alisema aje, aje upesi, asingoje kuumwa. Bibi alimpigia simu jioni ileile. Alimpigia tena kesho yake, na juma lililofuata. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaisikia sauti ya mzee ikitoka kwenye simu, ya furaha, imejaa upepo. "Nikishavuna," alisema. "Mbona unanisumbua hivyo, umeanza kunipenda uzeeni? Mkono umefunga. Ngedere wako wana adabu kuliko wewe." Bibi alimtuma mjomba wangu aliyekuwa akivua samaki kule Mbwera aende kumpokea zamu. Mjomba alifika, mzee akamkabidhi upande mmoja, akakataa kuondoka. Kumebaki juma moja tu, alisema, na kazi aliyoianza mtu huimaliza.

Tuliporudi, Zuhura alipomaliza sindano zake, mpunga wetu ulikuwa umekatwa, umefungwa, umepangwa juu ya jamvi chini ya dungu, na hakuna pembe iliyoguswa na nguruwe. Mzee Mketo hakuwepo. Alikuwa amepelekwa kijijini kwa binti yake. Mkono ulianza kumwasha, kisha homa, kisha hakuweza kumeza maji. Bibi hakukaa hata kitako, alitembea mpaka kijijini kwa miguu. Waliokuwepo wanasema alimshika mkono na kumwomba radhi ya tuta, wakaona ajabu wapinzani wale kupatana. Mimi najua hakuwa anaomba radhi ya tuta. Siku ya pili yake mzee alifariki.

Bibi hakufuga mbwa tena. Msimu uliofuata alilima nusu ya shamba, na uliofuata hakulima. Juu ya zile siku tatu hakuniambia neno mpaka alipokufa, wala hakumwambia mama. Nilidhani amesahau. Sasa nina watoto wangu na najua kwamba mtu mzima hasahau jambo la namna hiyo. Aliubeba uongo ule peke yake ili usinifikie.

Ustadhi hakukosea, nami sikukosea kukariri. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kitu kikishatwaharika basi kimekwisha, hakidai tena kusemwa. Nilikilinda kichwa cha mbwa kwa siku tatu, na mbwa alipokufa mzee mmoja alishika zamu yake bondeni, akiwa na jeraha ambalo asingelipata kama ningesema. Miaka mingi nilijifariji kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, kweli. Zuhura naye alikuwa mtoto, na kila akiwaonyesha watu makovu yake mawili husema, "Dada yangu ndiye aliyeniokoa," nami hutafuta kitu cha kufanya jikoni.

Siku ya arobaini ya Mzee Mketo, binti yake, Shangazi Hadija, aliniita mbele ya wanawake waliokuwa wakipika. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaibusu. "Hii ndiyo iliyomsafisha baba yangu," aliwaambia. "Mpaka mwisho alikuwa akimsifu mtoto huyu. Alisema alimiminiwa vizuri, alisali swala yake kwa wakati." Wanawake wakaitikia, wakaniombea dua. Nilimwachia mikono yangu.

Shangazi Hadija yu hai mpaka leo. Kila Idi hunipigia simu, huniuliza watoto, na kabla ya kukata huniombea kwa jina la baba yake. Mimi huitikia amina. Bado sijamwambia.