Aproni ya Mkunjo

Siku kaka yangu alipopigiwa simu kuambiwa mke wake ameungua kazini, mke wake alikuwa kitandani nyumbani, akinilalamikia kwamba supu yangu haina chumvi. Chumvi ilikatazwa na presha yake, si na mimi, lakini wifi yangu ukimlaza kutwa lazima apate wa kumtupia lawama. Nilikuwa naosha bakuli kaka alipoingia. Hakusalimia. Alisimama mlangoni mwa chumba, akamtazama mke wake, akaenda akamshika tumbo kwa mikono miwili, kisha akakaa sakafuni.

"Nimetoka kukuona hospitali," alisema.

Tulitazamana mimi na wifi. Nilidhani jua limempiga.

Huyo wifi yangu tunamwita Mkunjo, kwa sababu hawezi kuuvumilia mkunjo popote alipo. Ukikaa kwenye kitanda alichokitandika atakuinua kama kuku aliyepanda mezani. Siku ya harusi yake alimsimamisha kaka yangu mbele ya wageni, akamnyoosha kola kwa kiganja, ndipo akakubali kupigwa picha. Kazi yake ni pasi, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na mahospitali. Chumba chao ni kirefu, kimeezekwa bati, mashine zimepangwa pande mbili, na mvuke umetanda mpaka aliye mwisho wa chumba humwoni uso. Niliwahi kumpelekea ufunguo wa nyumba mle ndani, nikatoka na kichwa kimefumuka. Nami ni msusi, kwa hiyo niliona aibu barabarani.

Kila mfanyakazi mle ana aproni yenye namba kifuani, na kila aproni ina msumari wake ukutani. Zamu ikianza, msimamizi anapita katikati akihesabu aproni, akishamaliza anarudi kwenye kiti chake mlangoni kwenye upepo. Nyuso hazihesabu. Ndipo wanawake wale wakajitengenezea desturi yao, wanaiita kuvaliana. Ukiamka na homa, mwenzako wa zamu nyingine anavaa aproni yako na kupiga pasi kwa jina lako, na siku yake ikifika nawe unamvalia. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema, nami niliwasifu kwa wateja wangu wote. Kwa macho ya ofisi, chumba cha pasi hakikuwahi kuwa na mgonjwa. Hata mafua, ukiwasikiliza ofisini, yaliishia getini.

Mimba hii ilikuwa ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, na kaka yangu alikuwa ameacha hata kununua nguo za mtoto mapema, aliogopa kujinunulia kilio. Ilipofika mwezi wa saba miguu ya Mkunjo ilivimba, kichwa kikamgonga, akaanza kuona vimulimuli machoni. Nilimsindikiza kliniki. Nesi alimpima presha, akahamia mkono wa pili, akapima tena.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Napiga pasi."

"Ulikuwa unapiga. Hii ni njia ya kifafa cha mimba. Kuanzia leo unalala mpaka ujifungue. Ukirudi kusimama kwenye mvuke huo utanipotezea watu wawili."

Akaandikiwa cheti cha daktari apeleke kazini. Hakikufika. Mkunjo alikiweka chini ya mto na kukilalia, maana kule kazini walikuwa na habari waliyoiamini sawasawa na kuchomoza kwa jua: mjamzito akisema anaumwa, likizo yake ya uzazi inaanza palepale. Walikuwa na mfano hai, mwenzao aliyerudi kwenye pasi kitovu cha mtoto hakijapona sawasawa, maziwa yanamlowesha aproni.

"Wakinianzishia likizo leo itaishia tumboni," aliniambia. "Mtoto akizaliwa nitamwachia nani? Wewe wifi, unayemsuka mtu mzima mpaka analia?"

Shoga yake ndiye aliyekata shauri. Huyo wanamwita Tarumbeta, kwa sauti yake. Akiwa mtaa wa pili unajua kaja, na siri ukimpa ni bora ungeitangaza mwenyewe. Zamu yake ilikuwa ya asubuhi, ya Mkunjo ya mchana.

"Nikitoka yangu naingia yako," alisema. "Wewe nitunzie mwanangu humo tumboni, mengine niachie."

Basi Tarumbeta akawa anasimama tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa, siku baada ya siku. Akipita kutusalimia alikuwa anasinzia na kikombe mkononi. Nilimtania kwamba tarumbeta limeingia maji. Alicheka, akasinzia tena.

Sasa narudi kwa kaka aliyekaa sakafuni. Yeye ni fundi wa majokofu, alikuwa juu ya ngazi simu ilipoingia: mkeo ameungua mashineni, njoo hospitali. Alijua amemwacha mkewe kitandani, lakini pia anamjua mkewe. Akaamini Mkunjo ametoroka kwenda kazini. Alikimbia na bisibisi mkononi, na alipofika wodini akakuta vurugu. Ofisi ya kiwanda ilikuwa imewaambia wauguzi kwamba aliyeungua ni mjamzito wa miezi saba. Nao walikuwa wamempata mwanamke mwenye jina hilo, namba hiyo kifuani, na tumbo bapa kama meza.

"Walikuwa wanamtafuta mtoto," kaka alisema. "Nesi anamkandamiza tumbo, anamuuliza, mama, mtoto yuko wapi? Umezalia wapi? Mwingine alikimbilia kwenye gari la wagonjwa, ati pengine amedondokea mle."

"Na huyo mwanamke?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Shemeji Tarumbeta. Mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Alisinzia, shuka likaingia kwenye roli la moto la mashine pamoja na mkono. Hajawaambia neno. Wanamwita kwa jina la mke wangu, anaitika kwa kichwa. Aliponiona akaninong'oneza, shemeji, usiseme kitu. Niite mke wako."

Nimemjua Tarumbeta miaka yote hiyo na sijawahi kumsikia akinong'ona. Hilo lilinishtua kuliko bandeji.

Mkunjo alikuwa tayari anatafuta viatu. Alielewa haraka kuliko sisi. Kama uongo ungebaki ulivyo, Tarumbeta kwa hesabu ya kiwanda alimaliza zamu yake asubuhi akaenda zake mzima wa afya; mkono ule haukuwa wa mtu, na hakuna atakayeutibu kwa fedha za kazi wala kumlipa siku za kuuguza. Na kama ukweli ungesemwa, chumba kizima kingeweza kufukuzwa, naye Mkunjo angepoteza likizo aliyokuwa anamtunzia mwanawe.

"Analala kwa jina langu na mkono wake," alisema. "Nipishe, wifi."

"Ukitoka mlango huu nakukalia, na kilo zangu unazijua."

Aliniangalia, akaona sitanii. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa cheti kilichojaa mikunjo, akakilaza pajani na kukinyoosha kwa kiganja huku machozi yanamtiririka. "Kipeleke basi," alisema. "Sema yote. Kesho asubuhi, kabla hawajamwandikisha vibaya zaidi."

Ofisa wa wafanyakazi alikuwa mama mtu mzima, miwani imemning'inia kifuani kwa kamba. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwa sababu ningevuta ya pili ningeogopa. Alisoma cheti. Akavaa miwani akakisoma tena.

"Kwa nini hakukileta?"

"Ili msimwanzishie likizo ya uzazi kabla hajazaa."

"Nani alikwambia tunafanya hivyo? Mjamzito akiugua anahesabiwa mgonjwa kama mgonjwa yeyote. Analeta cheti, analipwa siku zake za ugonjwa. Likizo ya uzazi haiguswi, inamsubiri mtoto."

Nikamtajia yule mwenzao wa maziwa kwenye aproni.

"Yule aliomba likizo ya uzazi mwenyewe, mapema. Hakusema anaumwa."

"Na ninyi hamkumuuliza kwa nini anaomba mapema?"

Alivua miwani. "Hatukumuuliza," alisema. Kisha, taratibu kidogo: "Tangu nije hapa sijapokea cheti hata kimoja kutoka chumba cha pasi. Nilidhani ni watu wenye afya."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Miaka yote ameketi juu ya haki za watu kama kuku juu ya mayai, na hakuwahi kuteremka ngazi kuuliza mbona wanawake wanaosimama kwenye moto kutwa hawaumwi hata jino. Nilitaka kumwambia, lakini mkono wa Tarumbeta ulikuwa mezani kwake, nikameza. Nikamuuliza wa hospitali atakuwaje.

"Nikithibitisha nani aliungua, ameungua kazini, tutamhudumia. Twende chini."

Tuliteremka zamu ya asubuhi ikianza. Mvuke ulikuwa umeshajaa. Msimamizi alikuwa anapita katikati, midomo inahesabu, akafika mwisho, akageuka na kutikisa kichwa kwamba wote wapo. Ofisa alinitazama. Nami nikaangalia vifua vyao kimoja kimoja. Namba ya Tarumbeta, aliyoitangaza mpaka mtaa mzima tukaijua, ilikuwa kazini. Mama mmoja mwembamba wa zamu ya mchana, mteja wangu, aliyepaswa kuwa kwake amelala, alikuwa ameivaa na anasukuma shuka kwenye mashine ileile, na roli lilikuwa limesuguliwa likasafishwa. Walikuwa wamesikia mwenzao ameumia, wakamfanyia wema waliouzoea.

"Dada, vua," nilimwambia.

"Namsitiri mwenzangu."

"Yuko hospitali hana jina. Jina lake umelivaa wewe."

Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine. Nikawaambia aliyoyasema ofisa kuhusu cheti, na siku za ugonjwa, na likizo inayomsubiri mtoto. Hakuna aliyefurahi. Mmoja, yule wa maziwa, aliketi juu ya kikapu cha mashuka na kuanza kutikisa kichwa, akakitikisa hivyo hivyo bila kuacha.

Yule mwembamba alifungua kamba mgongoni, akaenda ukutani akaitundika aproni kwenye msumari wake. Msimamizi, kwa mazoea tu, akaanza kuhesabu upya.

"Huyu hayupo. Yuko wapi?"

Wengine waliinamia mashuka kwa woga wao wa kawaida. Kisha yule aliyeketi kwenye kikapu akasema, "Anaumwa," na ofisa akaandika.

Walipewa onyo wote, hakufukuzwa mtu. Tarumbeta alitibiwa kwa jina lake mwenyewe. Mkunjo alilipwa siku za ugonjwa zilizobaki tu, kwani zilizopita aproni yake ilishashuhudia kwamba alikuwa kazini, na mtoto alipozaliwa, msichana, mzima, likizo ilianza siku ileile. Tarumbeta huja kumbeba kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia vilipona vikiwa vimejikunja na daktari amesema vitabaki hivyo. Kila akija, wifi yangu humweka chini, huuchukua mkono ule, huuweka pajani na kuanza kuvinyoosha kwa kiganja, taratibu, huku wanapiga soga. Vikiachiwa vinarudi. Anaanza tena.