Sebule Iliyokula Tangi

Nakumbuka siku moja hapa Mitaboni, mwanangu, fundi aliniuliza swali rahisi nami nikamjibu kijinga. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani, nikalipwa changu chote kwa mkupuo, na nikaamua kuipanua nyumba aliyotuachia baba.

"Unataka kutumia pesa ngapi?" fundi aliniuliza.

"Wewe jenga tu. Niko nazo."

Sikutaja kiasi. Nilitaka sebule ya madirisha makubwa, aione kila anayepita kwenda sokoni. Lakini mahali pa kuijenga palikuwa na tangi la maji ya mvua. Lilijengwa na mwethya, wale akina mama wa kijiji wanaosaidiana kazi kwa zamu. Zamu ya mama yangu ilipofika, walibeba mchanga mgongoni kutoka mtoni, wakaponda kokoto kwa nyundo wiki nzima. Mimi nililibomoa asubuhi moja. Mama aliponiuliza tutachota wapi maji, nilimjibu, tena kwa ukali, kwamba pesa zikibaki nitajenga lingine.

Hazikubaki. Ziliishia kwenye vigae vya sakafu na dari ya mbao. Mvua ikinyesha, maji ya paa yalimwagika chini yakaenda zake. Mke wangu Mwikali akarudia kufukua mchanga wa mto kutafuta maji, na mama, na magoti yake yale mabovu, akawa anamfuata. Na mimi huyo, nimekaa sebuleni najiona mtu!

Siku ya kubariki nyumba nilialika kijiji kizima. Kufika saa nne, hatukuwa na maji hata ya chai. Ndipo nikawaona akina mama wa mwethya wakipanda mlima, kila mmoja na mtungi mgongoni, kamba kichwani. Mama alikuwa amewaomba bila kuniambia. Niliwakaribisha sebuleni wakakataa, eti miguu yao ina matope. Mama Mutua, mkubwa wao, alisimama mlangoni akaangalia vigae vyangu.

"Hapa ndio tulimwaga ule mchanga wetu," alisema.

Hakunigombeza. Alienda jikoni kumimina maji.

Laiti angenitukana, mwanangu. Mimi ni mzee sasa na bado naona haya kukusimulia. Tangi nilikuja kulijenga, lakini mama alikuwa ameshatutoka.

Basi ukitaka kurekebisha nyumba, anza kwa kumuuliza yule anayechoka zaidi ndani yake anahitaji nini. Hicho kilipie kwanza. Halafu mtajie fundi kiasi, na kikiisha simama, hata kama ukuta mmoja haujapakwa rangi. Usijengee wapita njia kama nilivyofanya mimi.

Mungu akubariki, akujalie nyumba ambayo mama yako ataketi ndani yake akiwa amepumzika.